Pua ya Moniteri

Katika bustani za dembo letu, bonde la majimaji, hakuna pilipili iliyochumwa bila kupitia kwanza puani mwa Moniteri. Mwanamke aliyepuliza dawa alingoja siku chache, akachuma pilipili moja au mbili, akazifunga kwenye ncha ya kitenge na kumpelekea. Moniteri alizisugua kwenye shati, akang'oa vikonyo, akafumba macho, akanusa. Kisha alisema neno moja tu: “Imetoka.” Maana yake sumu imetoka. Siku hiyohiyo wanawake waliingia kwenye matuta na mabeseni yao, na kesho yake pilipili ilikuwa soko la Kolwezi, ikitwangwa na chumvi kwa ajili ya bukari, ugali wetu, ya vijana wanaorudi kutoka kuchimba madini Mutoshi.

Mimi nilisoma kilimo Lubumbashi. Nilirudi na diploma, bila kazi, na swali moja lililokuwa likiniwasha kuliko pilipili zote za dembo: pua inajuaje?

Tulimwita Moniteri kwa sababu ya kazi yake ya zamani, moniteri wa kilimo, mtu wa serikali anayetumwa kufundisha wakulima. Serikali ilishamsahau. Wakulima hawakumsahau, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu. Mimi nikisema jambo, wanawake wananisikiliza kwa adabu kisha wanauliza kuhusu huyo baba yao, “Na Tata Moniteri anasema je?” Yeye akisema, wanainuka.

Swali langu halikuwa la darasani. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa pilipili za dembo lile. Siku za kuchuma mikono ilimtetemeka. Jasho lilimtoka asubuhi yenye baridi, macho yalimtiririka, mate yalimjaa kinywani akawa anatematema njia nzima, na jioni kijiko kilimshinda. Nilipomwambia ni dawa, alinikatalia. “Ni pilipili inachoma, mwana.” Hapo ndipo penye ubaya wa zao hili. Ukichuma nyanya ukaanza kutokwa na mate na jasho, utashtuka. Ukichuma pilipili, unalo jibu tayari. Na Moniteri aliliunga mkono jibu hilo kwa msemo wake: “Pilipili bila kuchoma ni nyanya.” Wanawake walicheka, mama mdogo alicheka nao, huku anaficha mikono ndani ya kitenge.

Nilichotaka kwa Moniteri kilikuwa kidogo mno. Nilitaka awaambie wangoje zaidi kabla ya kuingia shambani na kuchuma. Neno moja kutoka kwake, “bado”, lingetosha.

“Tata Moniteri,” nilimwambia siku moja, “harufu ni kitu ingine, sumu ni kitu ingine.”

Alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli yake. Hakuinua kichwa. “Mwana, umeshakufa?”

“Hapana, Tata.”

“Basi tangu unazaliwa unakulaka pilipili ya hii pua.”

Mabishano yetu mengi yaliishia namna hiyo. Alikuwa na kipaji cha kusema jambo lisilo sahihi kwa namna isiyojibika.

Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Shati lake la mikono mirefu lilipigwa pasi hata siku ya kuchimba mifereji. Hakula kitu barabarani, hata muhogo wa kuchoma, kwa sababu ya vumbi. Kabla ya kumsalimia mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliosha mikono kwa majivu. Lakini dawa ya shamba aliipima kwa kifuniko cha chupa, akaikoroga ndani ya ndoo kwa kijiti, na kijiti kikivunjika alimalizia kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Mara moja nilimwona akizibua mdomo wa pompi ya kupulizia dawa kwa kuupuliza kwa kinywa chake. Nilipiga kelele. Alitema chini, akafuta midomo kwa leso iliyonyooshwa vizuri, akaniuliza kama huko chuo walitufundisha kupiga kelele.

Dawa yenyewe hatukujua ni ipi. Iliingia kutoka Zambia kwenye madebe makubwa, wachuuzi wakaigawa kwenye chupa za maji ya kunywa, na chupa ya maji haina karatasi inayosema ngoja siku ngapi. Kuna dawa ambayo jua huivunja upesi pale juu ya jani. Kuna inayoingia ndani ya mmea wenyewe, ambayo mvua haiwezi kuiosha wala upepo kuikausha, na ambayo hupungua polepole kadiri mmea unavyoisaga. Nyingine hupoteza harufu yake mapema sana kwa sababu kinachonuka ni mafuta iliyochanganywa nayo. Mafuta yanaruka, sumu inabaki. Hayo niliyajua. Ila ni ipi kati ya hizo iliyokuwa ndani ya chupa ya mama mdogo, sikujua, na muuzaji naye hakujua. Aliniambia tu, “Hii ni ya nguvu, Mama Ingeniere. Hata panya.”

Ingeniere, yaani injinia, ndilo jina walilonipa. Halikuwa sifa.

Kilichowafanya wapulize kila mara kilikuwa ugonjwa wa majani. Majani machanga ya pilipili yalijikunja kwa chini, yakawa membamba na makavu kama karatasi iliyoloana ikaanikwa. Maua yalianguka kabla ya kufunga. Tunda lililobahatika kutoka lilikuwa na ngozi ya kahawia, kama kovu. Kwetu kila kitu kinachokauka kina mshitakiwa wake tayari: asidi. Asidi ya viwanda vya shaba, asidi ya upepo, asidi ya maji. Siwacheki watu kwa hilo. Yapo madembo ambayo maji yake yaligeuka rangi na hakuna kilichoota tena. Moniteri alikuwa ameona miti ikifa, na aliyeona miti ikifa ana haki ya kuogopa. Lakini majani haya hayakuwa ya asidi. Yalikuwa ya utitiri, wadudu wadogo kuliko chembe ya unga, wanaokaa kwenye ncha laini za mmea na kunyonya.

Nilileta lenzi kutoka Lubumbashi, ndogo, ya kushika mkononi. Nilimpelekea Moniteri jani lililojikunja, nikaligeuza upande wa chini, nikamwekea lenzi jichoni, wanawake wametuzunguka.

“Unaona nini, Tata?”

Aliangalia kwa muda. “Naona vumbi.”

“Angalia muzuri. Ile vumbi inatembea.”

“Eeh,” alisema, “vumbi ya Kolwezi inatembeaka.”

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilirudisha lenzi mfukoni. Najua aliwaona. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona shingo yake inavyokaza, namna mtu anavyokaza anapoona kitu kinachojongea mahali ambapo hakukitegemea. Lakini alikuwa ameshawaambia asidi, mwaka baada ya mwaka.

Tiba yake ilifuata imani yake. Asidi inadhoofisha mmea, alieleza, kama homa inavyodhoofisha mwili, halafu wadudu wanaingia. Basi piga dawa kali. Dawa kali iliua karibu kila kitu chenye miguu isipokuwa utitiri. Iliua na wale wadudu wadogo ambao kazi yao ni kuula utitiri huo. Siku chache majani yalionekana kupumua, kisha ugonjwa ulirudi mkubwa zaidi, na jibu likawa kupiga tena. Nilichora duara hilo ardhini kwa kijiti mbele yake: dawa, utitiri, dawa, utitiri. Alilitazama, akasema nimechora kikapu kizuri.

Mwaka uliofuata nilimwomba mama mdogo mistari miwili ya mwisho, ile iliyo mbali na barabara. Alinipa kama anavyompa mtoto unga wa kuchezea. Niling'oa ncha zilizojikunja nikazichoma moto. Niliosha majani kwa maji ya mfereji, nikapiga salfa, nikaizuia pompi ya dawa kali isifike pale. Majani mapya yalitoka yamenyooka. Nilimwita Moniteri aje aone. Alitembea mstari mzima mikono nyuma, kama askofu anayekagua shule, akafika mwisho, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua hewani.

“Upepo umegeuka,” alisema. “Asidi sasa inaendaka upande wa Kasaji.”

Nilitaka kumrukia. Mama mdogo, aliyekuwa ameyaona majani kwa macho yake mwenyewe, aliitikia kwa kichwa: kweli, upepo ulikuwa umegeuka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakukosea kila kitu. Malori ya madini yalipita kwenye barabara iliyo juu ya dembo kutwa nzima, na vumbi lao lilitua kwenye majani ya matuta ya karibu na barabara. Utitiri unapenda jani lenye vumbi, kwa sababu maadui zake hawatembei vizuri pale. Matuta ya mbali yaliugua kidogo, ya karibu yaliugua sana. Kwa hiyo aliposema mgodi ndio unaoua pilipili zetu, alikuwa ameshika nusu ya ukweli. Nilijaribu kumpa nusu nyingine bila kumnyang'anya ile yake. Sikufaulu. Huenda sikujaribu kwa upole wa kutosha. Huenda upole usingesaidia kitu.

Na alijua zaidi ya alivyosema. Kila bustani ya dembo lile ilikuwa na tuta la nyumba, fupi, karibu na mfereji, ambalo pompi haikuligusa. Pilipili zake zilikuwa ndogo, nyingine zimejikunja, na ndizo zilizopikwa nyumbani. Za matuta makubwa zilikwenda sokoni. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo na hakuna aliyelieleza. Hata bustani ya Moniteri ilikuwa nalo.

“Kama sumu inatoka na harufu,” nilimuuliza, “juu ya nini hauli ya ile tuta kubwa?”

“Ya nyumba ni ya nyumba.”

“Hiyo haiko jibu, Tata.”

“Njo jibu, ni hilo hilo. Ni weye haikupendezi.”

Alikuwa na amri nyingine ambayo haikuendana na pua. Mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa kushika pompi, wala kuchuma wiki ya kupuliza dawa. Moniteri alimpokonya mwenyewe beseni na kumfukuza kwa matusi ya kirafiki, kisha alimchumia yeye mwenyewe, mzee yule, shati lake limepigwa pasi, ameinama juani hadi mchana. Nilimuuliza: kama imetoka, si imetoka kwa wote? Alinijibu bila kunitazama, “Mutoto wa mu tumbo hana pua.”

Nilishindwa kumchukia. Mume wa mama mdogo alipofariki, Moniteri alilima matuta yake kabla ya matanga kwisha, bila kuitwa, na alipomaliza alipanda baiskeli akaondoka bila hata kunywa maji. Alijua kuotesha miche chini ya nyasi kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, chuoni au nje ya chuo. Aliimba Misa ya asubuhi kwa Wakatoliki, na alasiri alikwenda kwa Waprotestanti kwa sababu, alisema, waimbaji wao wa besi walihitaji msaada. Mtu wa namna hiyo ukimwambia amekosea, unajikuta wewe ndiye umekosa adabu.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye kwa kirefu, kabla binti yake hajamchukua kwenda kuishi naye Dilolo, nilimkuta nyumbani kwake asubuhi. Alikuwa ameugua homa nzito, wiki kadhaa hakuonekana dembo, na wanawake walikuwa wakimletea pilipili kitandani. Sasa alikuwa amekaa uani kwenye kiti, blanketi magotini, na kando yake mbabula, jiko la makaa, yenye sufuria ya maharagwe. Nilisikia harufu ya kuungua nikiwa bado njiani. Nilipoingia ilikuwa inakata pumzi. Yeye alikuwa anasafisha miwani.

“Tata, maharagwe!”

Aligeuka, akaitazama sufuria, akatafuta moshi kwa macho. Moshi ulikuwa mchache bado. “Yako na nini?”

Niliipua sufuria. Chini yalikuwa yameshakuwa makaa. Niliinua kifuniko nikakileta karibu na uso wake, na hakuukunja uso.

“Haunusi,” nilisema.

Alivaa miwani. Akaivua tena.

“Tangu ile homa,” alisema. “Hata sabuni. Hata muntu mwenyewe, sijue kama ninanuka.”

“Na pilipili? Bamama balikuletea pilipili hapa, kila wiki. Uliwaambia nini?”

Alianza kuifuta miwani tena.

“Tata, uliwaambia nini?”

“Niliwaambia imetoka.” Alilivuta blanketi. “Balikuwa banangoja pale mulangoni, na mabeseni. Ningesema nini?”

Sijawahi kumsemesha mzee namna nilivyomsemesha pale. Nilimwambia mama mdogo sasa anatetemeka hata siku asizochuma. Nilimwambia wiki iliyopita aliangusha mtoto wa jirani aliyepewa ampakate, na mtoto hakuumia, lakini yeye alikaa akiitazama mikono yake kama si yake. Nilimwambia pua yake haikujua kitu hata zamani ilipokuwa nzima, na alijua hivyo, ndiyo maana alikuwa na tuta la nyumba. Alisikiliza yote. Sikumbuki kama aliwahi kuniruhusu kumaliza sentensi nyingi kiasi kile kabla ya siku hiyo. Niliposimama kupumua alisema taratibu, “Usipige kelele, bajirani.”

Hodi ilipigwa. Aliingia mama mdogo mwenyewe, kitenge kimefungwa fundo kwenye ncha. Kupitia mlango uliobaki wazi niliwaona wanawake wengine wamesimama barabarani, mabeseni kichwani. Lori la kwenda Dilolo lilikuwa linapakia siku hiyo, na wanunuzi wa mpakani wanapenda pilipili mbichi. Mama mdogo alikuwa amepuliza dawa juzi.

“Jambo, Tata. Umeamuka muzuri?” Alifungua fundo kwa shida, vidole havikumtii, pilipili mbili zikaangukia mapajani mwa mzee. “Angalia haraka, gari inatungoja.”

Moniteri alichukua pilipili moja. Aliisugua kwenye shati. Aling'oa kikonyo, akafumba macho, akanusa, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Mimi nilisimama na sufuria iliyoungua mkononi. Alipofumbua macho, aliitazama mikono ya mama mdogo.

“Bado,” alisema.

“Unasema?”

“Bado. Iko ndani.”

Mama mdogo alicheka, akingoja naye acheke. Hakucheka. “Tata, hii miaka yote unasemaka imetoka. Leo gari iko hapa, njo unasema bado? Ni homa hiyo?”

“Musiingie mu shamba. Bado.”

Mama mdogo alinigeukia. Uso wake ulikuwa umekaza kwa hasira, na jasho lilikuwa limemkusanyika juu ya mdomo, asubuhi ile ya baridi. “Na weye, Ingeniere? Weye njo ulisemaka pua haijue kitu. Haya, sema leo. Pua inajua ao haijue?”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu nirudi kutoka Lubumbashi. Nilikuwa na jibu lake lote, la mafuta yanayoruka na sumu inayobaki, la utitiri na vumbi, na lingeanza na habari kwamba mzee huyu hasikii harufu hata ya maharagwe yanayoungua miguuni pake. Nilimtazama Moniteri. Yeye alikuwa anautazama mlango.

“Leo inajua,” nilisema.

“Leo.”

“Tata amenusa, Mama. Amesema bado. Ni bado.”

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekuta mbwa na paka wamelala pamoja. Kisha alifunga kitenge chake upya, akatoka bila kuaga. Tulimsikia barabarani.

“Turudie. Banasema bado.”

“Nani anasema?”

“Bote babili.”

“Hata Ingeniere? Yee! Basi dunia inaisha.” Mwingine alitaja lori kwa tusi ambalo sitaliandika, beseni likagonga beseni, na sauti zao zikashuka kuelekea dembo. Sikujua kama walikuwa wanarudi nyumbani au wanakwenda kuchuma kwa siri. Niliendelea kusikiliza mpaka sikusikia kitu.

Moniteri alikuwa bado ameshika ile pilipili. “Sasa watarudi kesho,” alisema. “Na kesho kutwa. Siku gani tutawaambia imetoka?”

Chupa haikuwa na jina, muuzaji hakujua, na mashine ya kupima kitu kile haikuwepo Kolwezi kwa mtu kama mimi. Ningeweza kutaja idadi ya siku. Ningekuwa nimeitoa hewani, kama yeye na kidole chake chenye mate.

“Sijue, Tata.”

“Chuo haikukuambia?”

“Haikuniambia.”

Alitikisa kichwa polepole, bila ushindi wowote, na hilo liliniudhi kuliko kama angenicheka. Kisha alininyooshea ile pilipili.

“Basi weye ndiye uko na pua,” alisema. “Nusa.”

Nilijua vizuri kwamba haitaniambia kitu. Niliweka sufuria chini, nikaipokea, nikaileta puani.